Mstari Niliowasomea Wazee wa Kanisa

Itifaki yangu ya Biblia ni nzito kama mtoto wa miezi sita, na kwa miaka mingi niliibeba kwa majivuno. Hapa Kibirichia, katika kanisa letu, hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Unatafuta neno kwa alfabeti, na chini yake unapata kila mstari wenye neno hilo, kipande kimoja kimoja, pamoja na mahali ulipo. Wazee wa kanisa wakikwama kikaoni wananigeukia mimi, mwalimu wa shule ya msingi, na mimi nafunua.

Alhamisi ile walikuwa wakiamua habari ya kijana aliyekufa kwa pombe haramu. Mama yake, mjane anayelima viazi juu kidogo ya shule, alikuwa ameomba jambo moja tu: mwili uingizwe kanisani kabla ya kuzikwa Jumamosi. Kwetu aliyeacha ushirika, kama kijana huyo, huombewa kaburini tu, mlango wa kanisa ukiwa umefungwa, na kila jirani anaelewa maana yake. Mama aliketi benchi la nyuma. Haikuruhusiwa aseme mpaka aulizwe, na hakuulizwa.

Wazee waligawanyika, wakaanza kupandishiana sauti. Mwenyekiti akachoka.

"Mwalimu, hebu tuangalilie kwa hiyo kitabu yako. Neno inasema nini juu ya watoto wenye wameharibika?"

Moyo ulinidunda, na nakiri ulidunda kwa raha. Nilitafuta "watoto", kidole kikashuka, kikakuta mstari unaosema kwamba watoto wa mtu fulani waliangamia kwa sababu ya makosa yao wenyewe. Niliusoma kwa sauti yangu ya darasani, nikafunga kitabu. Hakuna aliyebisha tena. Mwenyekiti akaandika kwamba kijana ataombewa kaburini tu.

Ijumaa, wakati wa mapumziko ya saa nne, nilifungua kitabu changu kingine, cha ufafanuzi, nione wataalamu wameusifuje mstari wangu. Maneno yale si ya Mungu wala ya nabii. Yalisemwa na rafiki aliyekwenda kumtembelea mtu aliyepoteza watoto kumi kwa siku moja, akamtupia usoni, na mwishoni Mungu anamkasirikia rafiki huyo pamoja na wenzake. Itifaki ilinionyesha mstari uko wapi. Kuangalia ni nani anayesema ilikuwa kazi yangu, na Biblia ilikuwa mezani kikao kizima.

Nilimpigia mwenyekiti simu, nikamwambia nimekosea.

"Hiyo tulimaliza, mwalimu. Minutes zishaandikwa na pastor ashaambiwa. Unataka watu waseme sisi tunageuka-geuka?" Akakata.

Nilimlaani kimoyomoyo, lakini hasira yangu kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe. Shule ilipofungwa nilipanda hadi kwa yule mama. Nilimkuta nyuma ya jikoni akimenya waru, viazi vya kuwapikia waombolezaji. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, bila kumtazama.

"Najua ni nani alisema," alinijibu, na kisu hakikusimama. "Huko nimesoma yote, tangu kijana yangu aanze kunywa. Ukisoma jana, nilikuwa nangoja ugeuze page uwaambie ni nani. Ukafunga."

"Mbona hukusema, mama?"

"Mimi? Na wewe ndio ulikuwa umeshika kitabu?"

Akaweka kisu chini, akapangusa mikono.

"Sasa mwalimu, hii umeniambia, kesho utaambia watu pia? Ama ni mimi peke yangu?"

Nilimwambia nitawaambia watu.

Jumamosi mlango wa kanisa ulifungwa, kijana akazikwa shambani kwao. Kabla ya udongo kurudishwa, mwenyekiti alinipa nafasi ya kusalimia. Mama aliinua uso, akanitazama. Nikawasalimu kwa jina la Bwana, nikaipa familia pole, nikaketi.