Mizani ya kliniki imeniaibisha leo

Leo programu yangu imemwambia mama wa watu kwamba mtoto wake ana kilo moja.

Kilo moja! Na mtoto mwenyewe ni bonge, anarusha mateke juu ya mizani.

Nilikuwa kliniki moja ndogo hapa mtaa wa Tena, najaribu programu ya JavaScript niliyowaandikia ili kompyuta yao isome mizani yenyewe.

"Kilo moja ni ya unga," mama akaniambia. Foleni yote ikacheka. Sista Achieng, nesi aliyeniita, akaangalia chini.

Uso ulinichoma, lakini sikuondoka.

"Sista, nipe nusu saa."

Nikaketi kwa benchi na laptop. Kumbe mizani hutuma namba vipande vipande, na mimi nilikuwa nasoma kipande cha kwanza tu! Nikaandika mkondo wangu mwenyewe wa data, unaoshika vipande mpaka namba itimie, ndipo uipeleke kwa skrini.

Mama alikuwa bado anangoja. Tukamweka mtoto.

11.4.

"Pima tena," akasema.

11.4.

"Tena."

11.4.

Akambeba mtoto wake. "Haya Sista, sasa andika."

Watu wa kompyuta, nyinyi programu zenu ziliwaaibisha mbele ya nani?