Foleni ya Bi Hindu

Bi Hindu alipotoka eda, alioga, akabadili nguo, kisha akaifungua kanga alimoiviringisha simu ya kazi tangu mumewe azikwe. Wateja wake wa sambusa na pilau pale Kawempe alikuwa amewaambia mapema, "Tumeni tu oda zenu, zitanisubiri." Ndivyo kampuni ya kuagizia chakula kwa simu ilivyomwambia alipojiunga nayo: kila mpishi ana foleni yake ndani ya mashine, na oda hukaa humo mpaka simu yake izichukue.

Simu iliwaka. Hakukuwa na oda hata moja.

Alijipa moyo kwamba watu walikuwa wamemwonea haya mjane, mpaka alipomkuta Hajati Taqwa dukani. Shoga yake wa tangu usichana aligeuza uso, akajifanya kuchagua vitunguu, akaondoka bila salamu.

"Binti yake anaolewa Ijumaa," mwenye duka akamnong'oneza. "Alikutumia oda, akaambiwa imepokelewa, na umetoka eda bila kumjibu. Anasema umemdharau."

Hindu hakurudi hata nyumbani. Alipanda boda moja kwa moja hadi ofisini kwa kampuni, akasimama mbele ya Shakib, fundi wa mitambo.

"Oda zangu ziko wapi?"

Shakib alibofya, akakuna kidevu. "Nnyabo, mama yangu, foleni yako imefutwa."

"Nani kaifuta?"

"Hakuna mtu. Foleni ikikaa mwezi mzima bila simu yoyote kuisoma, mfumo unaiona imeachwa, unaifuta wenyewe. Wengi wanaacha kazi, foleni zao zinajaza mashine bure."

"Na oda zilizokuwamo?"

"Zilifutwa nayo. Zilizokuja baadaye hazikuwa na pa kutua."

"Mbona Hajati aliambiwa imepokelewa?"

"Ilipokelewa na sisi, mama. Siyo na wewe."

Damu ikampanda Hindu kichwani. "Nilikuwa nimekaa eda! Nimefiwa, sikufa! Mama yako akifiwa, naye utamfuta?"

Shakib aliinamisha kichwa. "Muda huo niliuweka mimi. Sikufikiria eda."

"Wewe, mtoto uliyesoma madrasa hapa hapa, hukufikiria eda? Haya, mpigie Hajati. Mwambie hayo hayo kwa mdomo wako."

Shakib akapiga, akaanza kueleza kwa kigugumizi. Sauti ya Hajati ikasikika hadi mlangoni: "Foleni gani? Mashine gani? Mpe Hindu simu!"

Hindu akaipokonya. "Taqwa, mimi nikudharau wewe?"

Hajati akasema, "Pilau nimeshampa mwingine. Sambusa bado. Na usizicheleweshe, maana hasira sijamaliza."

"Hata mimi sijamaliza," Hindu akajibu, akamrudishia Shakib simu.

Shakib alikuwa tayari anamtengenezea foleni mpya. "Mama, hii niipe muda gani bila kusomwa kabla haijafutwa?"

"Usiipe muda wowote wa kufutwa. Ukiona kimya, uje nyumbani ubishe hodi."