Zuhura wa Vyura, Sista Yangu wa Chanika

Siamini hata sasa ninavyoandika. Zuhura katutoka leo alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nyie wa huku mtandaoni mlimjua kama dada wa vyura. Mie nilikaa naye ofisi moja, meza zinatazamana.

Siku moja mvua imekatika, akanisukumia earphone. "Sikia huyu!" Nikasikia kama tone la maji linadondokea kwenye ndoo. Nikamuuliza, "Bomba linavuja?" Alicheka mpaka boss akatoka kuangalia. "Chura huyo, shoga yangu!"

Basi nikaisha hapo hapo!

Tukitoka kazini ananivuta hadi dimbwi la nyuma ya kwao Chanika, mabuti miguuni. Anafumba macho, ananyoosha kidole. "Anayekoroma kama mjomba aliyeshiba ubwabwa, yule mwenye vipele mgongoni. Wanaogonga kama vijiti, ni wale wadogo wa kwenye matete. Haya, watenganishe!"

Nilikuwaga nasikia kelele tu. Halafu jioni moja sauti zikaachana zenyewe, kila moja na mwenyewe! Nikapiga yowe, vyura wote kimya. Zuhura akanikumbatia na matope yake yote.

Masika yaliyopita ndiyo yalikuwa balaa. Mbwa anabweka dimbwini, na mbwa hayupo! Watu wakaacha kupita njia ile. Mama Rukia, jirani yao, akaapa, "Jini hilo. Kesho naleta kifusi, tunalifukia dimbwi."

"Shikamoo mama," Zuhura akamwambia. "Nipe leo tu."

Jua halijazama tukaingia, maji magotini, mie nimeng'ang'ania gauni lake wallahi. Likabweka mbele yetu! Zuhura akatenganisha matete taratibu, akamwita kwa mkono Mama Rukia aliyesimama ukingoni.

Chura! Mnene, kakaa kama bwana harusi. Koo likavimba, "wau!"

Mama Rukia alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. "Kumbe ni wewe unayenifungisha mlango mapema?" Kifusi hakikuja. Watoto wakawa wanaletwa kumsikiliza chura huyo.

Figo zilipomlaza Zuhura hospitali, dimbwini nikawa naenda peke yangu, namrekodia, namtumia. Ananijibu kwa majina ya vyura. Nikibahatisha nikakosea, ananicheka.

Jana jioni mvua ilishuka. Nikarekodi, safari hii nikawataja wote mwenyewe, nikatuma.

Voice yake ikarudi, pumzi fupi, furaha tele. "Wote! Umewapata wote! Nesi, njoo, msikie mwanafunzi wangu!" Nikamsikia nesi anauliza, "Huyu wa mwisho ndiye nani?" Na Zuhura, na uchovu wake wote, akaanza kumfundisha.

Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyo nayo. Alfajiri kaka yake akanipigia.

Sista, umekwenda ukiwa unafundisha. Nesi yule kanitafuta leo, anauliza dimbwi liko wapi. Nimemwambia aje na mabuti.

Allah akupe kauli thabiti. Lala salama, Zuhura wangu.