Chumvi Haipendi Ugomvi

Chungu kikubwa cha mama yangu hakikupasuka kwa pigo la kwanza. Mgambo alikipiga rungu kikalia ngo, kama mlango wa mtu asiyetaka kufungua. Alipokipiga tena kikaachia, na maji ya chumvi yaliyokuwa yakichemka tangu alfajiri yakamwagikia moto. Moshi ule! Mweupe, mchungu, wenye harufu ya majivu na udongo ulioungua. Hadi leo, hapa Tunduma ninapoishi, mama ntilie jirani yangu akimwagia mchuzi kwenye mkaa, mimi huacha ninachofanya nikasimama tu.

Mama alikuwa kando, mikono kifuani. Hakulia, hakulaani. Na aliyetoa amri namtaja kwa jina, maana sina cha kuogopa tena: Laitoni Simtowe, katibu wa kijiji chetu.

Lakini nirudi nyuma kidogo, ndugu zangu, mnielewe.

Kwetu ni bondeni, upande wa Kamsamba, kwenye joto la kuwatoa mbuzi ulimi. Watu wa milimani Mbozi wanatujua kwa mchele. Wachache wanajua kwamba kule Ivuna ardhi yenyewe hutoa chumvi, na bahari iko mbali kiasi kwamba bibi zetu walikufa bila kuamini kuwa ipo. Kuna chemchemi za maji moto, na kiangazi kikikolea udongo unaozizunguka huota weupe, kama mtu amepita akimwaga unga. Basi wanawake walikuwa wakihamia pale, wakajenga vibanda vya nyasi, wakachemsha chumvi mpaka mvua zinukie.

Sijaona mafundi kama wale. Udongo ulikwanguliwa juujuu kwa kigae, taratibu, maana ukizamisha mkono unaleta tope. Ukatiwa kwenye chungu chenye matundu chini, kilichotandikwa nyasi, ukamiminiwa maji. Matone yakadondoka kwenye chungu cha pili, tii, tii, tii. Mama alichovya kidole, akaonja, akafumba macho. "Bado ina usingizi," alisema, na akarudisha maji juu. Yakishaamka ndipo yakaenda motoni, na kilichobaki ni chumvi ya kijivu, chungu kidogo mwishoni, tamu kwenye mlenda kuliko hii nyeupe ya mfuko. Tuliifunga kwa majani makavu, mafungu mafungu, tukayaning'iniza darini juu ya jiko yakauke kwa moshi.

Sasa, kulikuwa na mwiko. Chumvi haipendi ugomvi. Mwanamke akishaingia kambini, hagombani na mtu, pale wala popote, mpaka siku Bibi Nankala, mkuu wa kambi, atakapozima moto wa mwisho na kutangaza msimu umefungwa. Ukigombana, chumvi inarudi chini ya ardhi, na si yako peke yako, ya wote. Mwenye neno na mwenzake analiweka. "Weka," walikuwa wakiambiana, "tutalisema msimu ukifungwa." Na siku hiyo ilikuwa siku, bwana! Maneno ya kiangazi kizima yalimwagwa asubuhi moja, watu wakapigana mafumbo mpaka mbavu zikauma, jioni wakala pamoja.

Kabla ya hapo, walitaniana kwa adabu. Namkumbuka Bibi Nankala akimwambia mama, ambaye nguo yake ilikuwa imeshika moto pindoni, "Nanyinza mwanangu, nakuona unang'aa leo." Mama akajibu huku akijipiga kwa mkono, "Ni uzuri wa macho yako, mama. Ungeleta na maji ningekupenda zaidi."

Mwaka ninaousimulia ni ule maduka yalipokuwa matupu. Sabuni hakuna, khanga hakuna, mafuta ya taa unayasikia kwa jirani. Chumvi nayo ikaadimika. Watu walishuka kutoka milimani na mahindi kichwani, mwendo wa kutwa na zaidi, kuja kubadilishana na mama zetu. Fungu la chumvi kwa kikapu cha mahindi. Bonde lilikuwa limekosa mvua, kwa hiyo mahindi yale ndiyo tuliyokula. Niwaambie wazi: kama nipo hai ni kwa sababu mama alijua kuamsha maji yenye usingizi.

Kumbe serikali ilikuwa inaleta chumvi kwenye duka la kijiji. Nilijua kabla ya watu wazima. Mama alinituma kijijini kuchukua kigae cha kukwangulia, nikapita nyuma ya duka mchana kweupe, nikaona magunia yakipakiwa kwenye lori. Laitoni alikuwa amesimama pale, shati lake la kijani limepigwa pasi, anamwambia dereva, "Ukifika Tunduma usishushe sokoni. Vusha mpakani." Gunia moja lilikuwa limetoboka. Niliokota punje zilizomwagika nikalamba. Chumvi.

Nilikimbia kambini nikamwambia mama. Akakoroga chungu chake kwa muda, akasema, "Umeona, umeona. Liweke. Msimu ukifungwa nitalisema mwenyewe, mbele ya watu."

Hakufika huko. Redioni ilitangazwa vita dhidi ya walanguzi, na Laitoni alihitaji mlanguzi wa kuonyesha. Alikuja kambini na mgambo, akainua kichwa kutazama mafungu darini.

"Haya nini, Nanyinza?"

"Chumvi, ndugu katibu. Inakauka."

"Inakauka au imefichwa? Wananchi hawana chumvi, wewe umeilundika juu ya moshi!"

Bibi Nankala akaingilia kwa sauti ya upole, "Karibu ukae, baba. Ondoa viatu kwanza, hapa ni mahali pa chumvi."

Hakuvua. Akaamuru vyungu vya kambi yetu vivunjwe.

Kwenye mkutano wa kijiji alimsimamisha mama mbele ya kila mtu. "Jitetee," alisema. Mama alitazama chini. Nilijua neno la lori liko pale ulimini mwake. Lakini kambi nyingine za pale chemchemi zilikuwa bado zinachemsha, na kuna watoto waliokuwa wakingoja mahindi ya mama zao. Laitoni akawageukia watu akacheka: "Mmeona? Aliyenyamaza amekubali." Kila mwanamke pale alijua mwiko ule. Na Laitoni aliujua pia; mama yake mzazi alikuwa mchemsha chumvi. Hilo ndilo lisilonitoka moyoni.

Nikapiga kelele, "Mwongo huyu! Lori—" Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kilichonuka chumvi. Nilimchukia siku ile. Nilimwona mwoga.

Alichukuliwa, akawekwa ndani huko milimani kwenye baridi asiyoizoea. Aliporudi mvua zilikuwa zimekwisha kunyesha, na kifua chake kilikuwa kikilia kama chungu cha matundu. Mimi niliachia shule darasa la tatu, nikaja Tunduma kubeba mizigo ya wavushaji mpakani. Mama alikufa akiitwa mlanguzi.

Nimekuwa mtu mzima ndipo mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa dagaa, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia Ivuna alishtuka. Akaniambia kwamba wataalamu waliwahi kuchimba pale, wakakuta vigae juu ya vigae, tabaka kwa tabaka, vya watu waliochemsha chumvi karne nyingi kabla ya sisi. Kabla ya mpaka huu tunaovukia kuwepo, chumvi ile ilikuwa ikipanda milimani kwa Wanyiha na kurudi na majembe waliyoyafua wenyewe. Nililia mbele ya dagaa zangu. Niliwaona wanawake wale wote, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja ameweka neno lake ili moto wa mwenzake usizimike. Mama yangu hakuwa mwoga. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari huo, na hakukubali uvunjikie kwake. Vigae vya chungu chake viko juu kabisa ya lundo lile.

Laitoni Simtowe yu hai. Ana nyumba ya bati jekundu pale Mpemba, si mbali na hapa Tunduma, kando ya barabara kuu, na harusini hupewa kiti cha mbele. Nimempita mara nyingi. Hunisalimia, "Hujambo, mwanangu," nami huitikia.

Basi. Bibi Nankala alikufa bila kuufunga msimu ule, kwa kuwa moto wa kambi yake, uliopaswa kuzimwa kwa heshima, ulizimwa na chungu kilichopasuka. Leo naufunga mimi, binti wa Nanyinza. Neno lililowekwa nalitoa. Ndugu katibu, vua viatu, simama mbele ya watu kama ulivyomsimamisha mama yangu, ujibu: chumvi ya duka letu ilivushwa kwa nani? Na ukinyamaza, sisi tutasema umekubali.