Nyoya la Shorobo Lililochuja

Methusela, dobi wa Njombe enzi za Mwingereza, alijigamba kwamba hajawahi kuharibu hata leso. Basi asubuhi ile alipoona maji ya beseni yamegeuka mekundu, aliliachia koti jeupe akaruka nyuma. Damu! Damu ya nani, jamani?

Koti lilikuwa la mzungu mmoja aliyetokea Makambako kutafuta ndege, watu wakambandika jina Bwana Ndege. Mfukoni Methusela alikuta manyoya mawili, yamepauka kama ya kuku. Alipompelekea, mzungu alimaka.

"Niliweka manyoya mekundu ya shorobo! Umeyaiba, ukanitilia ya kuku. Kesho utajieleza bomani!"

Mwizi! Yeye, mzee wa kanisa, mwizi! Shorobo alimjua tangu utoto: ndege wa kijani mwenye kishungi, hukimbia juu ya matawi kama kindi akila matunda ya mkuyu, na wekundu wa mabawa hauonekani mpaka aruke. Lakini kwamba wekundu huo huchuja kwa sabuni na magadi, kama kanga ya bei chee? Hilo hakuwahi kulisikia, na nani angemsadiki?

Nyumbani alimsimulia mkewe, Dorkasi. Mama huyo alifungua kitabu chake cha nyimbo za kanisa, akatoa nyoya jekundu la shorobo. Methusela ndiye aliyempa, siku za uchumba wao, miaka kumi na tisa nyuma.

"Hilo hapana, Mama Festo! Hilo usiliguse!"

"Nibaki na nyoya, mume awe gerezani? Beba beseni, twende."

Mbele ya Bwana Ndege, Dorkasi mwenyewe alilitumbukiza nyoya katika maji ya sabuni na magadi, akalisugua. Maji yakawa mekundu pyu. Nyoya likatoka limepauka, na Methusela akageuza uso asione.

Bwana Ndege alibaki kinywa wazi. "Ajabu gani hii! Nisamehe, Methusela. Nimekusingizia." Kisha akanyoosha mkono. "Mama, nipe hilo nikaliweke pamoja na yangu."

Dorkasi alilifuta kwa kanga, akalirudisha kitabuni.

"Hili silitoi, Bwana."

"Lakini limekwisha chuja!"

Dorkasi alimtazama mumewe, kipara na mvi zake.

"Aliyenipa naye amechuja. Mbona sijamtupa?"