Mwimbaji wa Chumba cha Juu

Hakuacha kuvua viatu kabla ya kuimba, hata kule mkahawani alikoanzia, ambako wateja walimpa mgongo wakaendelea kupiga soga, naye akaimba kwa sauti ndogo kama anayembembeleza mtoto wa mwenzake. Fundi cherehani wa chumba cha chini alimjua kwa viatu hivyo: vikidondoka juu ya dari, gitaa lilifuata. Albamu yake ya kwanza mwimbaji aliirekodi huko huko chumbani juu, kwa simu iliyoegemezwa kwenye mto. Siku ya wimbo wa mwisho, mwimbaji akitarajia kuhama kesho yake, fundi alisikia viatu, akaacha kushona ili asimharibie, ingawa sare za watu zilikuwa zikimngoja. Juu, wimbo ulianza, ukasita, ukaanza tena, ukasita. Mara mwimbaji akatokea mlangoni kwa fundi, pekupeku.

“Dada, unaumwa?”

“Mzima mimi. Nimenyamaza urekodi.”

Akacheka mpaka akashika kizingiti. “Unyamaze kwa nini! Nyimbo zote cherehani yako imo, ndiyo inayonishikia mwendo.” Akawa ameshafika ngazini. “Hebu kanyaga, dada, na usiniharakishe.”