Sukuma Niliyokula Mbele ya Soko

Wewe nakuambia kwa sababu najua hutacheka kabla sijamaliza. Wengine wote walicheka, na wengine wao tunasali nao kanisa moja.

Nauza mboga Huruma, kule chini karibu na mto. Mvua kubwa ikija, mto unapanda, mtaro unarudisha maji juu, na barabara yetu inakuwa ziwa. Mimi nimetoka Ukambani, kwetu maji unayafuata na punda. Hapa maji yanakufuata mpaka chini ya kitanda. Lakini watu wa flati lazima wale jioni, kwa hivyo soko hatufungi. Tunainua meza juu ya matairi na makreti ya soda, kisha tunafunga kamba kwa karai za plastiki. Mteja anasimama kwa ngazi ya flati yake, hataki kukanyaga ile maji. Anaita, "Mathe, leta meli!" Unamkatia sukuma wiki, unaiweka kwa karai, unasukuma na ufito. Inaelea pole pole mpaka kwake. Anachukua mboga, anaweka pesa, wewe unavuta kamba. Watoto kwa ngazi wanapiga makofi kila karai ikifika. Kuna siku ilikuwa inapendeza, nisikudanganye.

Sasa, sukuma isiponyunyiziwa maji inalala, na mboga iliyolala hakuna mtu ananunua. Hapo ndipo nilikuwa na msimamo wangu. Ile maji ya chini, sikuruhusu hata tone iguse mboga yangu. Mimi na jirani yangu anayeuza nyanya tulikuwa tunanunua mtungi mmoja kwa kibanda cha maji, tunatumia pamoja, kila mtu na kopo lake lenye matundu. Nilikuwa nasimama hapo nikiangalia bomba inajaza mtungi. Maji ilikuwa inatoka safi kabisa.

Jioni moja mama fulani wa flati ya pale kona akashuka na gambuti, amekunja uso. Mtoto wake alikuwa anahara na kutapika.

"Nani aliniuzia sukuma?" akauliza.

Wauzaji wakaangaliana. Yeye alikuwa ananunua kwa yeyote karai yake ikifika kwanza, na alijua hivyo. Mwenyekiti wetu wa soko ndiye aliyejibu. Huyu ndiye pia anatuongozea maombi ya kina mama kanisani. Meza yake iko juu ya simiti, pakavu. Yangu ilikuwa ya mwisho, kwa sababu mgeni kwa soko hupewa mahali pa chini, na huko unazoea, unakaa miaka.

"Uliza huyu," akasema, akininyooshea kisu. "Ako kwa mdomo wa mtaro. Unafikiria ananyunyizia na Fanta?"

Watu wakaangua kicheko. Biashara ya mboga ni jina tu, hakuna kingine. Jina likichafuka, hata ukipeana bure watapeleka kwa kuku.

"Mama, mimi nanyunyizia maji ya mtungi," nikamwambia yule mama. "Mungu ndiye shahidi wangu."

"Usisumbue Mungu na mambo ya sukuma," mwenyekiti akasema. "Kama ni safi, kula. Mbichi. Hapa, tuone."

Jirani yangu wa nyanya akanivuta leso. "Achana nao, dada. Twende zetu."

Lakini ningeachana nao aje? Nilikuwa nimeshamtaja Mungu. Ukimwita shahidi halafu ukimbie, umemwacha peke yake kortini. Nikachukua konzi ya sukuma iliyokatwa, nikafunga macho, nikaombea kwa sauti, nikatia mdomoni.

Sukuma mbichi ni ngumu. Inasugua koo, inataka kurudi. Kijana mmoja kwa ngazi akalia, "Mmeee!" Mwingine akasema, "Mathe, tukuletee chumvi ama nyasi ingine?" Nilitafuna mpaka nikamaliza, nikafungua mdomo nikawaonyesha, kama mtoto aliyepewa dawa. Yule mama mwenye mtoto aliona haya kidogo. Alininunulia fungu moja. Nilirudi nyumbani naimba.

Kabla kupambazuke tumbo lilikuwa limenigeuka. Kwa ploti yetu choo ni cha watu wote, na foleni ya choo haiwekangi siri. Nilipita mbele ya watu nikiwa nimeshika ukuta, tena na tena, mpaka wakaacha kuniuliza na wakaanza kunipisha wenyewe, wameshika pua. Mchana soko lote lilikuwa linajua. Siku ya maombi mwenyekiti akasimama mbele ya kina mama akasema, "Yeye mwenyewe aliita shahidi. Shahidi amekuja." Wakajibu amina.

Hayo niliambiwa na jirani yangu wa nyanya. Alikuja na uji kwa chupa, akaketi kwa ukingo wa kitanda, hataki kuniangalia.

"Hata watoto wangu wanahara, dada," akasema. "Walianza siku moja kabla ukule."

"Kwa hivyo ulijua? Wakati ulinivuta leso?"

"Nilijua kuna kitu kwa ile mtungi. Sikujua ni nini."

"Basi kesho nenda uwaambie. Sema tunatumia mtungi mmoja."

Akafunika chupa ya uji vizuri, akaikaza. "Nikisema, tutakuwa wawili bila meza. Hiyo itakusaidia na nini?"

Nilikunywa uji wake. Ungekuwa wewe ungemwaga?

Binti yangu yuko sekondari. Shuleni walimpa jina, sitalisema hapa. Alirudi, akatupa begi, akanisimamia pale kitandani. "Mama, kwani ilikuwa lazima utaje Mungu? Si ungekula tu?" Nikamwambia aokote begi. Na mpaka leo bado namtaja.

Maji ilipopungua, nikateremka sokoni. Meza yangu haikuwepo. Mbao zake walikuwa wamezilaza kwa matope, ziwe daraja la wateja wa kufika kwa mwenyekiti. Watu walikuwa wanakanyaga mahali nilikuwa nakatia sukuma.

Na hapo kwa mtaro, kwa sababu maji ilikuwa imetoka, nikaona bomba. Ile nyeusi ya plastiki inayoleta maji kwa kibanda. Ilikuwa imelala ndani ya uchafu, imepasuka, mtu ameizungushia mpira wa tairi ya baiskeli. Maji ya bomba ikikatika, hiyo bomba ilikuwa inavuta maji ya mtaro ndani. Maji ikirudi, inatuletea huo uchafu. Safi kwa macho.

Nikawaita wote. Walikuja, wakainama, wakaona. Hakuna mtu aliyebisha.

"Sawa, bomba imepasuka," mwenyekiti akasema. "Na sisi wote tunatumia hiyo. Mbona hapa sokoni ni wewe peke yako uliugua?"

Nikamwangalia jirani yangu. Alikuwa anapanga nyanya, anapangusa moja moja na leso, anaweka ile nyekundu juu. Alimaliza fungu moja akaanza lingine. Hakuinua kichwa.

Nikafuata ile bomba na miguu. Inatoka kwa kibanda, inapita kona, inapanda ukuta wa flati ya yule mama mwenye mtoto. Nikapanda ngazi mpaka kwake, nikabisha. Alifungua mlango, akaacha grili imefungwa. Mtoto alikuwa nyuma yake, amekonda, ameshika kikombe.

"Mama, si mboga," nikamwambia. "Ni maji yenu. Shuka nikuonyeshe. Hiyo anayokunywa, chemsha kwanza."

"Unamtakia mtoto wangu nini tena?" akasema.

"Chemsha tu, mama. Tafadhali."

"Toka kwa mlango wangu kabla niite watu!"

Akafunga. Nikabaki hapo nje, nikasikia mfereji ukifunguliwa ndani, maji ikijaa kwa sufuria. Nilingoja nisikie kiberiti. Sikusikia.

Siku hizi nauza nikiwa nimechuchumaa na karai moja, mbali na soko, kwa wapita njia wasionijua. Wale wa flati nimewaambia, hawanisikii. Mimi ni yule wa sukuma. Lakini wewe hujachafuka jina. Kama una mtu anaishi kwa hizi flati zetu, mpelekee haya maneno. Mwambie ashuke, afuate bomba yake na miguu mpaka aone inapopita. Usimwambie ni mimi nimesema. Akijua ni mimi, hatachemsha.